Anayepeleka Umeme Asipime

Dilala, Kolwezi, Jumatano, baada ya chakula cha mchana

Ngalula, mwanangu,

Kosa ambalo karibu kila mtu hufanya anapoanza kupima mwili kwa umeme ni kuamini kwamba namba anayoisoma ni ya mwili. Mara nyingi ni ya ngozi. Wakati mwingine hata si ya ngozi, ni ya jasho, au ya kitambaa kilichowekwa kati ya ngozi na chuma. Umeme hauwezi kufika kwenye nyama na damu bila kupita mlangoni, na mlango wenyewe ni mzito kuliko nyumba. Mtu anapima mlango, anaandika kwenye daftari, anasema amepima nyumba.

Wewe unalijua hilo. Umelisoma chuoni, na mchoro wako ulioupeleka ng'ambo unaonyesha kwamba umelielewa vizuri kuliko mimi nilipokuwa na umri wako. Lakini hujui nililijuaje mimi. Nimekuwa nikikueleza mambo tangu ulipoanza kushika bisibisi, na hilo moja nimelizunguka kila mara. Leo nitalieleza, kwa sababu linahusu safari yako ya kesho na mtu ambaye jana ulikataa kupanda gari pamoja naye.

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye dawati la mtoto wa darasa la pili, magoti yakigusa mbao. Ningeweza kukuita tuongee, ila katika darasa hili lenye familia kumi na moja zilizofukuzwa majumbani hakuna tena maneno ya watu wawili. Jana nilipofungua mdomo tu, Kaku, mama yangu mzazi, alijibu kabla yako, jirani wa karibu na ubao akatoa ushauri wake, na mtu nisiyemjua akasema toka kwenye blanketi, "Muachie mutoto, tata, atachoka." Karatasi haina majirani. Umekwenda kwenye foleni ya maji, na foleni ile naijua. Nina saa mbili.

Sitakuambia juu ya sweta, wala juu ya kula, wala juu ya kuandika nyumbani kila mwezi. Mama yako ameshakuambia, na kesho asubuhi atarudia.

Jambo lenyewe ni hili. Kesho alfajiri kamioneti, lori dogo la shemeji wa Tata Muteba, inaondoka kwenda Lubumbashi na magunia ya unga wa muhogo. Kiti kimoja cha mbele ni chako ukikitaka. Toka Lubumbashi utavuka mpaka, na maabara yale yanakungoja mwezi huu, si mwezi ujao. Sisi wengine tunangoja treni ya Kasai. Wewe umesema utapanda treni pamoja na Kaku kwa sababu moyo wake ni dhaifu na miguu yake imevimba, na kwa sababu hutaki kupita kwenye vizuizi ukiitwa mtoto wa Muteba. Sababu zote mbili ni za heshima. Nataka uzipime upya, na kwanza lazima nikupe kipimo ambacho nimekuficha.

Unakumbuka alama mbili za duara kwenye mkono wangu wa kushoto. Ulipokuwa mdogo ulidhani ni za chanjo, nami nikakuacha udhani hivyo. Ni za shaba. Zilitoka mwaka ule daktari mmoja alipokuja karakana yetu ya vipimo na kuuliza kama tunaweza kumtengenezea chombo cha kujua maji yaliyo kifuani mwa mgonjwa wa moyo. Alikuwa amesoma kwamba maji hupitisha umeme vizuri na hewa haipitishi, kwa hiyo kifua chenye maji mengi kina ukinzani mdogo, na kadiri maji yanavyotoka ukinzani unapanda. Nilimwambia tunaweza. Sisi watu wa matangi tulikuwa na jibu hilo kwa kila swali.

Fikiria tulivyokuwa. Kazi yetu ilikuwa kutunza vipimo vya ukumbi ambamo shaba husafishwa kwa umeme ndani ya matangi ya asidi. Mikondo mikubwa, inayokwenda upande mmoja usiku na mchana, na shaba kila mahali: fito za shaba, nyaya za shaba, vumbi la shaba puani. Mtu wa namna hiyo akiona mwili wa binadamu anaona tangi. Maji ya chumvi ndani, ngozi nje, basi. Nilikata visahani viwili vya shaba, nikaving'arisha kwa brashi ya waya kama tulivyofanya kwa viungo vya matangi, nikavifunga mkononi mwangu juu ya pamba yenye maji ya chumvi, na nikaunganisha betri. Umeme wa upande mmoja, kama kule ukumbini. Baada ya nusu saa ngozi ilikuwa nyekundu chini ya kisahani kimoja na kijani chini ya kingine. Nilikuwa najisafisha mwenyewe kama bamba la shaba. Daktari alicheka mpaka akakaa chini, kisha akakataza.

Kosa hilo halikumuumiza mtu isipokuwa mimi, na nililisahihisha. Nilitengeneza chanzo cha umeme unaokwenda na kurudi mara elfu kwa sekunde, mdogo kiasi kwamba mtu hausikii. Ila visahani nilivibakisha vilevile: viwili, vya shaba. Shaba ndiyo iliyotulisha. Hakuna mtu wa karakana yetu ambaye angefikiria kwamba shaba inaweza kusema uongo.

Sasa nikueleze juu ya Muteba, kwa sababu wewe unamjua kama mzee anayekuja na ndizi na kukaa kimya. Alizaliwa karibu na Musumba, huko Kapanga, ndani ya mkoa huu huu. Alifika hapa kwa miguu na kwa malori, na shule yake iliishia darasa la sita. Kazini alikuwa mpimaji wa viungo. Kiungo kibovu kati ya fito mbili kinakula umeme na kinachemka, na kazi yake ilikuwa kukigundua kabla hakijachemka. Alikuwa na chombo chake: vibanio viwili vikubwa vya kupeleka mkondo, na sindano mbili nyembamba za kusoma, ambazo alizichomeka ndani zaidi, mbali kidogo na vibanio. Kila kijana mpya aliyeletwa kwake alifundishwa sentensi mbili kabla ya kuruhusiwa kugusa kitu: "Ule anapeleka, asipime. Ule anapima, asipeleke."

Unaona anachosema. Ukipeleka mkondo na kusoma kwa ncha zilezile, utasoma pia ubovu wa mahali ncha zinapogusa. Ukisoma kwa ncha nyingine zisizobeba mkondo, ubovu wa mguso wake haujalishi, maana pasipopita umeme hapapotei kitu. Ni elektrodi nne badala ya mbili. Vitabu vyako vinaieleza kwa kurasa tatu. Muteba aliieleza kwa maneno sita, na mimi nilikuwa nimeyasikia kwa miaka minane, nikadhani ni maneno ya fito.

Mgonjwa wa kwanza aliitwa mzee Kasongo, mstaafu wa matangi, mcheshi, kifua chake kimejaa maji. Nilimfunga visahani asubuhi na jioni kwa siku tano, juu ya pamba ileile. Namba zilipanda vizuri kila siku. Daktari alifurahi, mimi nilifurahi zaidi. Siku ya tano Muteba alikuja kumwona mzee, maana walikuwa wamefanya kazi pamoja, akasimama nyuma yangu akiangalia. Kisha bila kuniuliza alichovya kidole kwenye kikombe cha maji ya chumvi, akalowesha pamba iliyokuwa chini ya kisahani. Sindano ya mita ilishuka mpaka ilipokuwa siku ya kwanza.

"Unaona?" alisema. "Mzee hakunywe maji. Ni pamba njo imekunywa. Mashini yako inapima pamba kukauka, tata."

Mzee Kasongo alicheka huku akikohoa. "Mumuache," alisema, "anataka kujua kiu yangu."

Wauguzi walicheka pia. Kulikuwa na wagonjwa wanane kwenye chumba kile na wote walikuwa wananiangalia. Nilikuwa na koti jeupe nililoazimwa na daktari. Nikamwambia Muteba, kwa sauti ambayo wote waliisikia: "Weye ulisoma wapi? Rudia kwenu Kapanga, ukapande mihogo. Mambo ya mashini uachie benye kusoma."

Watu wa chumba kile walicheka tena, na safari hii walimcheka yeye. Alisema, "Aya, mukubwa," akampa mzee mkono, akatoka.

Nikipenda ningeweza kukuambia kwamba nilikuwa nimechoka. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa nimelelewa nikijua kwamba sisi tulioletwa kutoka Kasai na kusomeshwa ndio tunaoshika kalamu, na wao ndio wanaoshika koleo. Hakuna aliyenifundisha kwa maneno. Ilikuwa ni jambo la mezani, la mzaha, la namna tulivyotamka jina la Kapanga. Hata Kaku alilitamka hivyo, na bado hulitamka hivyo.

Siku ile mchana daktari aliniuliza kama nina hakika na namba zangu. Nilisema ndiyo. Alimpunguzia mzee dawa na Jumamosi akamrudisha nyumbani. Alhamisi walimleta tena, akipumua kama mtu aliyezama, na kwa kweli alikuwa anazama, ndani kwa ndani. Alikufa Jumapili. Daktari alinieleza kwa upole kwamba moyo ule ulikuwa umechoka sana na huenda angekufa vilevile. Huenda. Nimelibeba neno hilo kwa miaka yote hii na sijapata namna ya kulipima.

Usiku nilipofika nyumbani nilichana kurasa tano za daftari langu, zile zenye namba zake. Hilo ndilo kosa la tatu, na labda ndilo lililo baya kuliko yote, kwa sababu mawili ya kwanza, la betri na la visahani, yalikuwa ya mtu asiyejua au asiyetaka kujua.

Kwenye kilio Muteba alikuja kukaa kwenye benchi langu. Jumatatu aliingia karakana na sindano zake mbili na vibanio vyake viwili ndani ya mfuko wa unga, akavipanga mezani kwangu, akasema, "Tuanze." Tukaanza. Tulitafuta fedha kutoka kwenye vijiko vya zamani vya mapadri, tukaitengeneza visahani, tukaviweka kwenye maji ya chumvi na umeme mpaka vikapata rangi ya kijivu, kwa kuwa fedha yenye utando huo inaelewana na ngozi, wakati shaba inagombana nayo. Tukapandisha kasi ya umeme hadi mara elfu hamsini kwa sekunde. Elektrodi nne kifuani: mbili za nje za kupeleka, mbili za ndani za kupima. Tulilowesha pamba, tukaikausha, tukailowesha tena, na sindano haikujali. Ilijali tu mgonjwa alipovuta pumzi. Mara ya kwanza tulipoona ile sindano ikicheza taratibu na pumzi ya mtu, Muteba alivua kofia.

Chombo hicho kilitumika miaka saba. Wewe ulikua ukikiangalia. Nilikuambia nilikitengeneza mimi. Watu wote niliwaambia hivyo.

Na sikumwomba msamaha. Tulifanya kazi meza moja, tukala pamoja, nikamsimamia binti yake kanisani siku ya ndoa, na kila siku nilijiambia kwamba kazi yenyewe ni msamaha tosha. Usije ukajidanganya hivyo, mama. Kazi haisemi.

Halafu mgodi wa chini ukaporomoka, mishahara ikaanza kukatika, na zikaja siku hizi. Umeziona mwenyewe, sina haja ya kueleza. Ila kuna jambo hukuliona, kwa sababu lilikuwa ndani ya kichwa changu. Ile asubuhi vijana waliposimama mbele ya nyumba yetu na kuimba kwamba bilulu, sisi wadudu, tutoke, mmoja wao alipaza sauti: "Murudie kwenu!" Mimi nimezaliwa hapa. Kasai nimefika mara mbili, mara zote kwa msiba. Nilitaka kukasirika, na nilikasirika, nina haki hiyo. Yule kijana hakuwa na haki ya kututoa ndani ya nyumba, wala waliomtuma. Neno langu kwa Muteba halihalalishi hata kioo kimoja kilichovunjwa. Lakini nililitambua. Lilikuwa na umbo lilelile, na nililisema mimi kwanza, mbele ya wagonjwa wanane, nikiwa nimevaa koti jeupe.

Jumapili iliyopita Muteba alikuja hapa shuleni. Ulikuwa umelala. Alipita katikati ya watu waliomtazama vibaya, na ujue kwamba kule mtaani kwake pia wanamtazama vibaya kwa kuja. Tulikaa nje kwenye ngazi. Nilimwambia: "Muteba, siku ile hospitalini, nilikuambia neno."

"Neno gani?"

"Juu ya mihogo."

"Ah. Njo leo unakumbuka?" alisema. "Mihogo nilipanda, mukubwa. Bibi yangu alipanda, miye nilipanda. Hata weye ulikula."

"Nisamehe."

"Nilikuwa nakungojea tu uitoe. Ilikuwa inakukaa ku shingo kama mfupa, kila mutu alikuwa anaona." Kisha akabadilisha habari kama mtu anayefunga mlango wa tanuri: "Mutoto wako, ile shule yake ya Ulaya, ataenda namna gani?"

Ndipo aliponiambia juu ya kamioneti. Kuna vizuizi vitatu kabla ya Likasi na huenda viwili baadaye. Atakaa wewe ukiwa katikati, yeye mlangoni, na wakiuliza atasema wewe ni mtoto wake anayerudi masomoni. Hutahitaji kusema uongo kwa mdomo wako. Unahitaji tu kunyamaza na kumwacha mzee aseme. Lakini afahamu na wewe ufahamu: wakigundua, si wewe peke yako utakayeteremshwa. Nilimwambia hivyo. Alisema, "Najua kuhesabu batu ndani ya gari."

Jana nilipokueleza, ulisema mbele ya darasa zima: "Mi si mutoto wake. Nitaenda na Kaku." Na Kaku akapiga makofi, akasema jina haliuzwi kwa kiti cha gari. Nilikaa kimya, kwa sababu umeitwa jina lake, na tangu ulipozaliwa nimekuita mama. Ni vigumu kubishana na mama wawili kwa wakati mmoja.

Sasa nitabishana.

Kuhusu jina: jina lako halitatoka mahali lilipo kwa kuwa halikutamkwa kwa siku moja. Wale vijana barabarani watasoma vitu viwili, jina na namna ya kusema, na wataamini wamemsoma mtu. Sipendi mifano mirefu, umeme ni umeme na watu ni watu, kwa hiyo naishia hapo.

Kuhusu Kaku: nitasema wazi. Anaweza kufa njiani. Anaweza pia kufa hapa hapa, wiki hii, tukingoja. Ukiwa kwenye behewa lile hutabadilisha hilo, kwa sababu kitu anachohitaji si macho yako, ni vidonge vya kutoa maji, na vidonge vilivyopo nimevigawanya vifike siku ishirini. Unachojua kukifanya, nami najua: nabonyeza kifundo cha mguu kwa kidole gumba, nahesabu mpaka kumi, naangalia shimo linakaa muda gani. Mama yako atamwinua kichwa. Nitamlaza upande wa dirisha. Akifa nitakuandikia ukweli, siku na saa, sitakuficha ili usome vizuri. Nimeshachana kurasa mara moja.

Na ukienda, utafanya nini? Najua unachokwenda kufanya, ndiyo maana sitaki kiti kile kikae kitupu. Muteba na mimi tulikuwa na chombo cha ukubwa wa sanduku la nguo, kilichohitaji watu wawili kukibeba na umeme wa ukutani. Wewe unataka kukiweka chote ndani ya chipu moja, kipande cha silikoni kidogo kuliko ukucha, ili mtu kama Kaku akivae kifuani nyumbani kwake. Nimesoma mchoro wako mara nne, jioni tulipokuwa bado na taa. Mimi sijawahi kuchora chipu. Mikono yangu ni ya waya na solda. Lakini nina neno.

Sisi tulipokosea tulifungua sanduku. Chipu haifunguliwi. Ikishatoka kiwandani, kosa lako limo ndani kwa maelfu, na hakuna Muteba wa kusimama nyuma na kidole kilicholoweshwa. Kwa hiyo lazima umweke Muteba ndani. Katika mchoro wako saketi inatoa mkondo, inasoma volti, inagawanya, inatoa namba. Nzuri, safi. Ila inatoa namba kila wakati, hata kama elektrodi moja imebanduka, hata kama mgonjwa amekauka kama ngozi ya ngoma. Umeandika pembeni kwamba mguso wa ngozi haujalishi kwa kuwa elektrodi ni nne. Haujalishi kwa karatasi. Kwenye mwili, mguso ukiwa mbovu sana chanzo chako cha mkondo hakitaweza kusukuma tena mkondo uliouahidi, na kwa kasi ile ya elfu hamsini sehemu ya umeme itachepuka kupitia kwenye waya wenyewe, ngozi ya plastiki na yote, kurudi ilikotoka. Utagawanya kwa mkondo ambao haukupita. Tulikuta hivyo na mgonjwa mmoja wa ngozi kavu na ilitugharimu wiki tatu kuelewa.

Tenga basi nafasi kidogo kwenye silikoni, hata wakikuambia nafasi ni ghali, kwa saketi ambayo kila baada ya muda inapima mguso wenyewe, elektrodi kwa elektrodi, na ikiuona mbovu inakataa kutoa namba. Isitoe sifuri, wala namba ya mwisho iliyokuwa nzuri. Ikatae. Daktari akiona chombo kimekataa ataweka kidole chake kwenye kifundo cha mguu cha mgonjwa, kama zamani, na mgonjwa ataishi. Mzee Kasongo alirudishwa nyumbani na chombo kilichokuwa hakijui kukataa na mtu aliyekuwa hajui kukataa.

Na weka kapasita kwenye kila njia inayoelekea mwilini, ili hata saketi ikifa vibaya umeme wa upande mmoja usimfikie mtu. Hilo nalisema kwa niaba ya mkono wangu wa kushoto.

Utakutana na watu huko waliosoma kuliko wewe na watakaokuambia, kwa Kifaransa kizuri, jambo nililomwambia Muteba. Watakutazama na kufikiri Kolwezi. Utaumia. Siwezi kukuzuilia hilo na sijui dawa yake. Ninachoogopa zaidi ni siku wewe utakapokuwa na koti jeupe na mtu mwenye mikono michafu akasimama nyuma yako. Siku hiyo, mama, usimjibu haraka. Lowesha pamba kwanza, uangalie sindano.

Nasikia ndoo zinarudi, na mtoto wa jirani anahitaji dawati lake. Sijui kama nitakuona tena. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli, si kwa kukutisha. Kaku atakasirika, nami nitakaa naye na hasira yake. Ana haki nayo, na safari ya treni ni ndefu, tutaimaliza.

Tata Muteba yuko nyuma ya kanisa, nyumba yenye lango la bati, anafunga magunia na shemeji yake, na kabla ya jioni lazima ajue kama kiti ni chako au ni cha mtu mwingine. Weka ndoo chini. Nenda sasa hivi, umsalimie kwa mikono miwili, umwambie: "Tata, kesho niko naenda na weye."

Baba yako